Makwaruzo Ambayo Hayakuwapo

Mume wangu ni kinyozi, na kwa hesabu yangu amekwisha kuwatia hatiani watu kumi na mmoja bila kutoka nyuma ya kiti chake cha kunyolea. Wote kwa kosa moja. Hakuna hata mmoja ambaye yeye mwenyewe alimtaja. Alichofanya ni kuitikia tu. Watu wamempa jina la Naam, na jina hilo limemkaa kuliko lile alilopewa na mama yake.

Acha nieleze, maana nisipoeleza atasema nimemsingizia. Mzee aliyemfundisha kazi alimpa sheria moja: mtu aliyelaza shingo chini ya wembe wako habishiwi. Ukimbishia atatikisika, akitikisika utamkata, ukimkata hatarudi, na mdomo wake utazunguka mtaa mzima kukutangaza. Basi mteja akisema mvua itanyesha, naam. Anayemfuata akisema haitanyesha, naam vilevile. Nimeishi naye miaka ishirini na miwili na nakuhakikishia kwamba sheria hiyo huiacha dukani. Nyumbani anabishana hata na sufuria.

Duka letu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa ubao wa plaiwudi. Upande wa barabarani ananyoa yeye, ana viti viwili, benchi la wanaosubiri na kioo kirefu. Upande wa ndani nasuka mimi. Ubao haufiki darini, kwa hiyo maneno ya wanaume yanapita juu yanakuja kwangu, na ya wanawake yanakwenda kwao. Sisemi kwamba sisi tulikuwa bora. Mtu akikaa saa nne kusukwa anataka kitu cha kuongea, na kwa miaka mitatu kitu hicho kilikuwa yule mtoto.

Alikuwa na miaka tisa. Alitumwa saa kumi jioni kununua daftari, kwenye duka ambalo unaliona ukisimama mlangoni kwetu, na hakurudi. Siku ya pili walimkuta nyuma ya kiwanda cha mbao, amekufa, na daktari akasema ameuawa. Polisi walikuja, wakapima, wakahoji, wakaandika, wakaondoka. Mpaka leo hajakamatwa mtu. Nilimsuka yule mtoto mara nyingi. Alikuwa hatulii, kila baada ya dakika tano ananiuliza kama nimemaliza. Nikimkumbuka naumia, nasema wazi.

Polisi walipoondoka, mtaa ukajiajiri wenyewe. Fundi viatu akasema muuaji anatumia mkono wa kushoto, na alipoulizwa amejuaje, akasema angekuwa wa mkono wa kulia angekwisha kuonekana. Mwingine alimshuku jirani yake kwa sababu wiki ile alinunua mabuti ya mpira na mvua hakuna. Mteja wangu mmoja, mwanamke wa heshima zake, alituapia kwamba ameoteshwa, ila sura hakuiona vizuri kwa kuwa taa ilikuwa nyuma ya mtu. Tukamwuliza huyo mtu alikuwa amevaa nini. Nami niliuliza, tena nikaacha kitana kichwani kwa watu ili nisikie jibu.

Bingwa wao alikuwa Mstaafu. Huyu alifanya kazi posta miaka thelathini na mitano akipanga barua, na alipostaafu mikono yake bado ilikuwa inataka kitu cha kupanga. Akanunua faili la kijani, akabandika vipande vya magazeti, akachora ramani ya mtaa kwa kalamu za rangi mbili. Alikuja kunyolewa ndevu mara tatu kwa wiki, ingawa kwa ndevu alizojaliwa, mara moja kwa mwezi ingemtosha. "Lisemwalo lipo," alikuwa akisema akishakaa, "kama halipo, laja." Na mume wangu, akimfunga kitambaa shingoni, "Naam."

Mwalimu alikuwa mtu wa kumi na moja kwenye lile faili. Alifundisha watoto masomo ya ziada sebuleni kwake, kwenye nyumba ya kupanga ng'ambo ya barabara, na yule mtoto alikuwa mwanafunzi wake wa hesabu. Ni mtu mpole, hajaoa, suruali yake ina mstari wa pasi hata siku anayofua. Kosa lake la kwanza ni kwamba mazikoni alilia sana. Hivyo alisema fundi viatu asubuhi, na mume wangu akaitikia. Alasiri akaja mwingine akasema kosa la Mwalimu ni kwamba mazikoni hakulia vya kutosha. Akaitikia pia. Niligonga ubao nikamwuliza, "Baba watoto, alilia au hakulia?" Akanijibu nisiingilie mambo ya ofisini.

Mpaka hapo ilikuwa porojo. Kisha ikatimia miaka mitatu, gazeti likaandika upya habari ile, na vichwa vikachemka tena. Jumatatu moja Mstaafu alikuwa amelala kitini, povu mpaka masikioni, akaanza.

"Fundi, Mwalimu ni mteja wako wa kila Jumamosi."

"Naam."

"Kwa hiyo hata Jumamosi ile, baada ya mtoto kupatikana, wewe ndiye uliyemnyoa."

"Naam."

"Shingo yake uliiona kwa karibu kuliko mtu yeyote."

"Naam."

"Basi inawezekana kabisa ilikuwa na makwaruzo. Kucha za mtoto."

Wembe ulikuwa umefika kooni, pale penye mfupa, mahali pagumu kuliko pote. Nilimsikia mume wangu akizuia pumzi ili mkono usiyumbe. "Naam," akasema, "inawezekana."

Wanawake wawili waliokuwa kwangu wakatazamana. Mimi nilicheka. Nilidhani ni naam ile ile ya mvua kunyesha na kutonyesha. Mpaka leo najilaumu kwa kicheko kile.

Jioni ile ile katika faili la kijani iliandikwa kwamba kinyozi ameyaona makwaruzo. Kesho yake yalikuwa matatu. Keshokutwa yalikuwa marefu kama kidole, yanatoka damu, na Mwalimu alikuwa amempigia kinyozi magoti amfichie siri. Maneno haya yangesemwa na mtu mwingine, watu wangesema umbea tu. Lakini kinyozi anaishika shingo ya mtu kwa mkono wake, sasa nani atabisha? Wiki haikuisha, wazazi wakaanza kuwaondoa watoto wao kwa Mwalimu mmoja mmoja, kwa kisingizio cha mafua. Watoto kumi na wanne waliugua mafua, na wote wakaonekana wakicheza mpira.

Polisi walimwita Mwalimu, wakakaa naye siku mbili, wakamwachia. Walimhoji na mume wangu, naye akawaambia ukweli kwamba hakuona kitu. Aliweza kuwaambia kwa kuwa walimhoji wamesimama. Dukani hakusema neno, maana wanaomjia wote hukaa. Basi mtaani ikasemwa kwamba Mwalimu amewaweza hata polisi. Mwenye nyumba wake, mama mmoja mkavu wa maneno, akampa mpaka mwisho wa mwezi awe amehama. Wiki zikapita, mwisho wa mwezi ukabaki siku sita.

Jumamosi Mwalimu akaja kunyolewa kama kawaida. Akakaa, akafungua kifungo cha kola kwa mkono wake mwenyewe, akalaza shingo.

"Fundi," akasema polepole, "nisaidie. Mimi shingo yangu siioni. Nionyeshe yalikuwa wapi."

Nilitoka kwangu na uzi wa kusukia mkononi. Mume wangu ameshika wembe hewani, jasho linamtiririka. Kwenye shingo ile palikuwa na vipele vitatu vya wembe, na hivyo ni kazi ya mikono yake.

"Hapana kitu, Mwalimu," akasema. "Hata Jumamosi ile hapakuwa na kitu. Nilikuwa namwitikia mteja."

Mwalimu hakugomba. Heri angegomba. Alisema mwenye nyumba amempa njia moja tu: mama wa yule mtoto akitamka kwamba abaki, atabaki, asipotamka, afungashe. "Mimi siwezi kwenda kwake," akasema. "Nitaanzia wapi? Wewe unaweza." Kisha akaomba anyolewe, kwa kuwa alikuwa amekwisha kukaa.

Mstaafu alikuwa kwenye benchi, faili mapajani. "Fundi, sasa unakana ushahidi wako?" akauliza. "Nani amekutisha?" Na kwa macho yangu nikamwona akitoa kifuniko cha kalamu na kufungua ukurasa mpya. Mume wangu alikuwa anaingizwa kwenye faili, mtu wa kumi na mbili. Nikamwambia Mstaafu kwamba akiandika neno moja nitamsuka ndevu zake na faili lake pamoja. Akafunga faili, ila kidole alikiacha ndani kushika ukurasa.

Jumapili mume wangu hakula. Alivaa koti lake la harusi za watu, akalivua, akalivaa tena. Nikamkuta mbele ya kioo cha kabati akijaribu maneno, "Dada, unajua kazi yetu sisi vinyozi," na nikamwambia hapo pa kazi apaache kabisa, aende na jambo lenyewe. Nilimhurumia, lakini nilitaka aende. Alasiri tukatoka pamoja.

Mama wa mtoto anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Kwake ni chumba na sebule, na tulimkuta akikunja nguo zake mwenyewe mezani, shuka pembe kwa pembe, kama wanavyofanya huko kazini. Alitukaribisha vizuri. "Shemeji, karibu. Dada, sogeza hizo nguo ukae."

Mume wangu hakukaa. "Dada," akasema, "yale makwaruzo ya Mwalimu sikuyaona. Hayakuwapo. Mtu alinisemea nikiwa namnyoa, nikaitikia ili mkono wangu usiyumbe. Sikudhani yatafika mbali. Nimekosa, na nimekuja kukuambia mwenyewe."

Hakuongeza chumvi wala hakujikosha, na nasema kweli, pale nilijivunia kuwa mke wake. Yule mama aliendelea kukunja. Alimaliza shati, akashika jingine.

"Hata moja?" akauliza.

"Hata moja."

Akaliweka shati chini, akavaa ndala, akatoka. Tukamfuata. Alivuka barabara moja kwa moja hadi kwa mwenye nyumba, ambaye alikuwa amekaa kibarazani akichambua mchele. "Mama," akamwambia, "mwache Mwalimu akae kwenye nyumba yake. Hana kosa nami." Mwenye nyumba akamtazama, akatutazama na sisi, akasema, "Ukisema wewe, mimi ni nani?" Akarudi kwenye mchele wake. Mwalimu alikuwa mlangoni kwake, amesikia yote. Aliinamisha kichwa, akaingia ndani, na tukasikia akianza kuyavuta kurudi chumbani masanduku ambayo alikuwa ameyapanga karibu na mlango.

Mimi nilishusha pumzi. Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa hata nimeanza kutafuta la kumtania mume wangu tukirudi.

Tulipofika mlangoni kwake yule mama akasimama. "Shemeji, umefanya vizuri kuniambia," akasema. "Sina kinyongo na wewe. Lakini na mimi nikuambie. Tangu mwanangu afe, kila mwanamume akinisalimu namtazama mikono. Kila mmoja. Dereva, daktari, mtu anayenipimia sukari dukani. Hata wewe, kila ukinipungia kutoka dukani kwako. Uliposema makwaruzo, nikampata mtu wangu wa kumchukia. Wiki zote hizi nimelala usingizi mpaka asubuhi. Nimeanza tena kusalimiana na watu."

Yule mama akatazama ng'ambo, kwenye mlango wa Mwalimu.

"Si kosa lake Mwalimu, na ilibidi abaki," akasema. "Ila sasa inabidi nianze upya kuwatazama wote."

Hakusema kwa hasira. Alitushukuru kwa kuja, akaingia ndani, na kupitia dirishani tukamwona akilichukua lile shati alilokuwa ameliacha. Mume wangu aliitia mikono yake miwili kwenye mifuko ya koti, na hakuitoa mpaka tulipofika nyumbani.