Maneno Ambayo Hayakuhesabiwa

Binti yangu alifikisha miaka minne akiwa na maneno machache mno, na yote aliyapata kwa nyanya yake. Huyu alikuwa mama mzazi wa mume wangu, aliyekuja kutoka kwetu Magharibi mwa Kenya kumlea mtoto niliporudi kazini. Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiluhya. Alijua kuku, maji, nipe, njoo, na lile la kumfukuza paka wa jirani, ambalo alilitamka kwa hasira ya mtu mzima. Mengine yalikuwa nusunusu, ameyameza mwanzo au ameyakata mwisho, lakini Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, aliyaelewa na kuyajibu. Asubuhi walikaa mlangoni pa nyumba yetu ya Buruburu, Nairobi, wakichambua kunde, mtoto anaanza neno, mzee anamalizia. Nikienda zangu mjini kupiga taipu niliwaacha wakibishana, na sikuwa na wasiwasi wowote.

Aliyenivuruga ni mwalimu wa nasari. Shule yenyewe ilikuwa ukumbi wa kanisa wenye viti vidogo. Alimwinamia mtoto akamwuliza jina lake kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiingereza, na mtoto akatazama viatu vyake.

"Huyu bado, mama," akaniambia mbele ya wazazi wengine. "Mrudishe akishaanza kuongea."

Nikamwuliza ataanza kuongea na nani, ikiwa wenzake wote wako ndani na yeye yuko nje. Akaita anayefuata. Nilirudi nyumbani, na nilipofika tu, jirani yangu akaniongezea. "Si umpeleke akakatwe huo uzi wa chini ya ulimi? Wangu alikatwa kwa wembe tu, na saa hii hata ukimlipa hanyamazi." Nilimshukuru nikafunga mlango.

Mume wangu, karani wa reli, mtu wa kufuata utaratibu, alisema tufuate utaratibu. Tukaenda hospitali. Kwanza wakampima masikio, ingawa nilikuwa nimewaeleza kwamba mtoto huyu husikia mkebe wa sukari ukifunguliwa jikoni naye yuko chumbani amefunikwa blanketi. Baada ya masikio tukatumwa huku, tukatumwa kule, kila mahali benchi, hadi tukafika kwa mtaalamu wa usemi. Alikuwa mama wa Kizungu aliyekuja nchini kwa mkataba. Tuliambiwa tuna bahati, maana wa aina yake walikuwa wachache sana nchini, na watu walisafiri kutoka mbali kumwona. Nami nilijiona mwenye bahati. Nilimvisha mtoto gauni la Krismasi.

Nataka kusema ukweli wote: alikuwa mpole. Alikaa sakafuni na mtoto, akampa biskuti, akamtolea kadi za picha. Kadi ya kwanza ilikuwa na glavu za sufi. Ya pili, mtu aliyeumbwa kwa theluji. Ya tatu, moto unawaka ndani ya ukuta wa sebule. Mtoto wangu alizitazama, kisha akanitazama mimi, kama anayeuliza hivi vitu ni vya nani. Ndipo ikatokea kadi ya kuku.

"Ingokho!" akapiga kelele.

Mtaalamu akaniinulia macho. "Hilo ni neno?"

"Ni neno," nikamwambia. "Ni kuku, kwa lugha yetu."

Akatabasamu, akageuza kadi, na mkono wake haukugusa kalamu. Mwishoni alipotueleza hali ya mtoto alisema hana hata neno moja. Nikamwambia anayo, nikaanza kumtajia. Akanikatiza kwa upole wake ule ule. Alisema shida ni kwamba nyumbani kwetu kuna lugha nyingi mno, Kiluhya cha nyanya, Kiswahili cha jirani, Kiingereza cha wazazi wakiwa na haraka, na huko nje ile lugha ya watoto wa estate, mtaa wetu, ambayo hata sisi hatuijui. Mtoto amechanganyikiwa. Tuchague moja, na kwa kuwa ataenda shule, iwe Kiingereza.

"Nyanya yake ndiye anayekaa naye mchana kutwa," nikasema. "Hajui Kiingereza."

"Basi kwa muda, ni afadhali anyamaze."

Nilimgeukia mume wangu nikitarajia atasema neno, maana huyo anayeambiwa anyamaze ni mama yake. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea maagizo ya dozi.

Jioni ile alisimama sebuleni akatangaza. "Kuanzia leo hii nyumba ni Kiingereza tu. Daktari amesema."

"Si daktari," nikasema.

"Mama watoto, unataka mtoto aongee ama hutaki?"

Swali gani hilo? Bado linanikera nikilikumbuka, kwa sababu halina jibu ila moja, na ukishalijibu umefungwa. Kukhu alisikiliza yote akitafsiriwa na mwanawe. Ningefurahi kama angekataa. Ningesimama naye. Lakini alisema tu kwamba ikiwa ni dawa ya mtoto, yeye ni nani wa kuizuia, na kesho yake akanyamaza.

Wewe fikiria nyumba hiyo. Mtoto hatoki kucheza nje, asije akachanganyiwa lugha na watoto wa estate. Ndani yuko na mtu mmoja, na mtu huyo amekatazwa kusema. Ili pasiwe kimya, mume wangu alifungulia redio idhaa ya Kiingereza kabla ya kwenda kazini, na hao wawili wakakaa mchana kutwa wakisikilizishwa bei ya kahawa na vita vya nchi za mbali. Nikirudi mtoto ananikimbilia mlangoni, anafungua mdomo, anaufunga. Hata paka wa jirani alianza kuingia jikoni bila kusemeshwa. Kukhu alibakiwa na nyimbo za kanisa, anaziimba kwa sauti ya chini akipanguza meza, hadi mume wangu akamwambia, "Mama, hata hizo." Nilitupa mwiko kwenye sinki. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo sitayaandika, na niliyasema kwa Kiluhya, kwa sauti, ili angalau mtu ayasikie humo ndani.

Kukhu hakufukuzwa, na watu wa upande wa mume wangu wakisema alifukuzwa nawakatalia. Siku moja alifunga tu vitu vyake. "Nilikuja kukaa na mtoto," akasema, "sikuja kukaa na redio." Mtoto alizunguka nyumba akimtafuta hadi chini ya vitanda. Hakumwita kwa neno lolote.

Na tiba ikafanya kazi. Hapo ndipo wengi hunigeuka ninapoanza kulalamika, kwa hiyo acha niliseme mwenyewe. Mtaalamu alitufundisha kumwekea mtoto kioo, kumpulizisha mshumaa, kumpaka asali nyuma ya meno ya juu ili ulimi uifuate. Tulifanya kila siku. Nasari moja ya Kiingereza ikampokea kwa neno la mtaalamu, na polepole sauti zikaja, kisha maneno, kisha mtoto akawa hanyamazi. Majirani walinishika mkono. Yule wa wembe alidai ni maombi yake.

Lakini kupuliza mshumaa kuna lugha gani? Asali ni ya Kiingereza? Nilimwuliza mtaalamu hivyo siku ya mwisho tulipokwenda. Nilimwuliza kama ulimi wa mtoto wangu ungekataa kuinuka kwa sababu neno ni la Kiluhya. Akacheka, akamshika mtoto shavu. "Lakini unaona mwenyewe, anaongea!" Mkataba wake ulikuwa umekwisha, alikuwa anafunga kadi zake kwenye sanduku. Siku hizi nasikia vijana wetu waliosomea kazi hiyo wanawahimiza wazazi waongee na mtoto lugha ile ile ya nyumbani. Wanasema kwa wepesi kabisa, kama jambo lililojulikana siku zote. Natamani mmoja wao aje aniketishe aniambie nani atanirudishia miaka ile.

Desemba tulikwenda nyumbani Magharibi, kwa Kukhu. Mume wangu alikuwa ametanguliza habari kwamba mtoto ameanza kusema, na Kukhu alikuwa amewaalika wanawake wenzake wa kanisani waje wasikie. Walijaa sebule. Binti yangu alisimama katikati akakariri shairi la shule kuhusu nyota, kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukwama, na wanawake wakapiga vigelegele, na mume wangu akanyoosha tai yake. Kukhu alipiga makofi pamoja nao. Alingoja hadi wa mwisho alipoondoka, ndipo akamvuta mtoto karibu na kumwuliza, kwa Kiluhya, kama alilala vizuri njiani.

Mtoto akatabasamu. Kukhu akarudia polepole. Kisha akajaribu kuku, akajaribu maji, akajaribu njoo.

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na ningependelea awe nayo. "Mliniambia mtoto ameanza kusema," akaniambia. "Kwangu hajaanza."

Binti yangu aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, akaniuliza kwa Kiingereza, kila sauti mahali pake kama alivyofunzwa, nyanya amesema nini.