Nilivyokalia Jogoo wa Mama Mmbone

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa kitu ninachokijua, naangalia viatu. Kwa hivyo kikundi chetu cha mazingira cha kijiji cha Raila, Kibera, kiliponichagua niende msitu wa Kakamega kuonyesha kikapu chetu, nilisema, "Aki si mimi." Lakini vikapu hivyo mimi ndiye nimeshona vingi kuliko wote.

Kikapu chenyewe ni rahisi. Unakijaza vitambaa wanavyotupa mafundi wa Soko la Toi, unachemsha chakula kidogo, unaifukia sufuria humo ndani, na chakula kinamalizia kuiva bila moto. Akina mama wa kule wakikipenda, tungewashonea vikapu wapunguze kukata kuni msituni, nao watuoteshee miche ya kupanda kando ya mto wetu. Wasipokipenda, hakuna miche.

Asubuhi ya safari nilipitia Kawangware kwa Madam Wambui, mwenye ploti aliyetupatia uwanja wa kitalu cha miche, ambaye ningesafiri naye. "Wewe utaongea, mimi nitabeba mfuko," akasema. Nikajifanya sijasikia. Kwenye basi alipiga stori na kila mtu isipokuwa dereva, na huyo ni kwa sababu tulikaa nyuma.

Jioni tukafika msituni. Hewa ilikuwa baridi na yenye harufu ya majani mabichi, na mbega walikuwa wakiruka mitini juu kabisa, mikia myeupe kama mashuka. Mama Mmbone, kiongozi wa akina mama, alitupokea: "Mulembe! Huyu mbona amekonda? Nairobi hampiki?"

Kesho yake nilitoa maharagwe ya kuonyeshea kikapu. Akacheka. "Maharagwe ni ya wenyeji. Mgeni ni kuku." Akakamata jogoo mzee. "Kikapu kikinirudishia huyu akiwa mbichi, mtajua hamjui!"

Tulimchemsha, tukamfukia. Shida ikaanza hapo: kwao mpishi asiyeonja mchuzi ni mvivu. Mama Mmbone akafungua, akaonja. Jirani naye akafungua. Kila mara mvuke ulitoka, na miche yetu niliiona ikitoka nao. Nilitaka kusema "msifungue", lakini utamwambiaje mama wa watu aache kuku wake, jikoni kwake? Nikakalia kikapu.

"Heh! Msichana, viti viko," jirani akasema.

"Niko sawa."

"Amekalia chakula!" Jiko zima likaangua kicheko.

Mama Mmbone akaja na mwiko. "Toka nionje."

"Mama, ukifungua joto linaenda, jogoo anabaki mgumu. Nitatoka akiiva."

"Kumbe anaongea!"

Basi wakaniuliza maswali, nikajibu yote nikiwa nimekaa palepale: kitambaa gani, kinashindiliwaje. Hata sikugundua jua limezunguka.

Niliposimama, nyama ilikuwa inaachana na mfupa. Mama Mmbone alitafuna polepole, akaangalia wenzake, kisha akaniwekea firigisi, ambayo kwao ni ya mwenye boma. "Leo mwenye boma ni huyu. Si ndiye alikuwa kwa kiti?" Akageukia Madam Wambui. "Leteni vikapu. Miche ndiyo ile, chagueni."

Tulirudi Kawangware na mifuko ya miche, tukaipanga kitaluni, ingoje mvua. Nimejifunza kwamba msitu unaweza kuokolewa ukiwa jikoni, na kwamba mtu huongea vizuri akiwa na kitu cha kulinda.

Jumamosi kikundi cha Raila kilitaka kusikia habari za safari. Wakaniletea kiti. Nikakisukuma kando, nikavuta kikapu, nikakikalia, nikaanza.