Vidonge vya Mtaa wa Sitini na Moja

Kwa miaka ishirini na saba Ardith Kvale aliwapelekea watu barua zao katika jimbo la Dakota Kaskazini, Marekani. Alitumia gari lake mwenyewe, akikaa kiti cha abiria, ambacho huko kiko kulia, ili mkono wa kulia uyafikie masanduku ya barua ya kando ya njia, huku mguu wa kushoto ukihangaika na mafuta na breki. Alistaafu nyonga zimechoka lakini jina lake halina doa. Mwaka mmoja baadaye akaanza kuanguka kifafa.

Daktari alimpa vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na tangu aanze kuvimeza hakuanguka tena. Duka la dawa la mjini kwao lilikuwa limeshafungwa, kwa hiyo vidonge vililetwa kwa posta kila baada ya miezi mitatu, kutoka duka kubwa la jimbo jingine. Ardith aliona ni sawa kabisa. Nani angeiamini posta kama si yeye?

Januari ile havikuja. Alipobakiwa na vidonge sita alipiga simu, akasikilizishwa muziki nusu saa, mwisho akapokewa na mwanamume mchangamfu.

"Kifurushi chako kilifika Jumanne, bibi, saa tano na dakika kumi na nne asubuhi."

"Kilifika wapi?"

"Kwako."

"Kwangu ndipo hapa ninapoongea nawe. Hakipo."

"Mfumo unaonyesha kimefika."

"Basi uambie mfumo wako uje unionyeshe kilipo."

Akaambiwa bima hailipii vingine kabla ya Aprili, na kwamba ombi maalumu huchukua siku kumi za kazi. Alipiga tena kesho yake, na keshokutwa, kila jina na kila saa akiandika nyuma ya kalenda. Akaanza kumeza kimoja kwa siku. Vilikwisha Jumatano. Ijumaa asubuhi alikuwa anamimina kahawa. Alipozinduka alijikuta sakafuni, kahawa imetapakaa, kifundo cha mkono kimevunjika.

Mkono ulimuuma, lakini neno la daktari lilimuuma zaidi: miezi sita asiguse usukani.

Binti yake Signe alikuja kutoka Fargo akiwa amefura kwa hasira.

"Tunaishtaki posta, Mama. Na huyo Janelle wako awe wa kwanza."

Janelle Azure ndiye aliyerithi njia ya barua ya Ardith. Ardith mwenyewe alimfundisha kazi.

"Hujui alichofanya," Ardith alisema.

"Umevunjika mkono na bado unamtetea?"

"Simtetei. Nasema hatujui."

Alhamisi walikwenda maktaba, ambako wakili Renata Szabo huja mara mbili kwa mwezi kuwasikiliza watu bila malipo. Alisikiliza mpaka mwisho ndipo akashika kalamu.

"Nianze na habari mbaya," alisema. "Posta ni ya serikali, na sheria inaikinga. Barua ikipotea au ikipelekwa mahali pasipo pake kwa uzembe tu, huwezi kuidai fidia mahakamani. Unaweza kulalamika kwao, basi."

Signe akashusha pumzi kwa kishindo.

"Lakini duka la dawa halina kinga hiyo. Kama wao ndio waliokosea anwani, kuna baraza la wafamasia la jimbo; hilo linaweza kuwachunguza na kuwaadhibu. Kuna malalamiko ya kuvunjwa kwa siri ya mgonjwa, maana jina lako na ugonjwa wako vitakuwa vimepelekwa kwa mtu mwingine. Na kuna kesi ya madhara, ambayo ina muda wake, usiilalie. Yote hayo yanategemea kitu kimoja. Kifurushi kiko wapi?"

"Sijui."

"Kitafute. Na nikuulize jambo ambalo mawakili wao watakuuliza. Kwa nini hukwenda hospitali kuomba dawa za siku chache?"

Ardith aliutazama mkono wake uliofungwa plasta. Hakujua kama mtu anaweza kuomba hivyo. Lakini hilo halikuwa jibu lote.

"Kwa sababu niliamini kitafika," alisema.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi akiwa bado na kanzu ya kulalia akamwita Signe: amekumbuka anwani inayofanana na yake. Yeye aliishi namba 4127, Mtaa wa 61. Mitaa ya huko mashambani hukimbilia mashariki na magharibi, na barabara huikata zikienda kaskazini na kusini, zote kwa namba. Kulikuwa na 4127, Barabara ya 61, kilomita kumi na nane kutoka pale: nyumba ya Delmer Frisch, ambaye akishakula Krismasi huenda Arizona kuota jua.

Walipofika, sanduku la Delmer lilikuwa limezibwa na theluji hadi shingoni. Signe aliifagia kwa mkono, akashika kifuniko.

"Acha!" Ardith alisema. "Sanduku la mtu halifunguliwi."

"Mama, tumeganda hapa!"

"Tugande. Mpigie Janelle."

Janelle alifika baada ya dakika arobaini, pua nyekundu, akafungua mwenyewe. Chini ya vipeperushi kulikuwa na mfuko mweupe, mgumu kama ubao. Akausoma, akausoma tena.

"Imeandikwa Barabara," alisema. "Bi Ardith, ni jina lako. Jina lako liko hapa hapa, na mimi nimelipita."

"Nilikufundisha nini siku ya kwanza?"

"Soma anwani, usisome jina. Watu huhama."

"Basi ulifanya nilichokufundisha."

Janelle akalia palepale, machozi yakimgandia shavuni. Signe, aliyekuja na maneno yake tayari, alimpa leso.

Wakili aliupiga picha mfuko ule kando ya ule wa Oktoba, ambao anwani yake ilikuwa sahihi. Ardith aliandika malalamiko kwa baraza, na mengine kuhusu siri yake. Kesi aliiacha baada ya kuifikiria wiki mbili. Duka lilikubali kulipia matibabu, na yeye hakutaka kuulizwa mbele ya watu kwa nini aliamini. Signe alisema ni kosa. Huenda lilikuwa kosa kweli. Ardith mwenyewe hakuwa na hakika.

Mwezi Mei baraza lilijibu. Mfanyakazi alikosea alipokuwa akihamisha kumbukumbu. Duka limepewa onyo, na kuanzia sasa litampigia mteja simu kila anwani ikibadilika. Siku chache baadaye ikaja barua ya duka lenyewe. Signe aliisoma kwa sauti: "Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza."

"Rudia hapo," Ardith alisema.

Signe akarudia.

Ardith alichukua karatasi, akaandika polepole, maana kifundo kilikuwa hakijalegea. Aliandika mistari miwili tu: *Sikusumbuliwa. Nilianguka.* Akatia sahihi, akabandika stempu, akatembea mwenyewe hadi sandukuni, akaitia ndani na kuinua kibendera chekundu cha kumwambia Janelle kwamba kuna barua ya kuchukua.