Darubini Mbili za Baba

"Mwanangu, nichukue ipi?" Baba aliniuliza hivyo nilipokuwa mtoto. Juzi, tulipokuwa tunahamia mtaa wa Ghubra, nimeikuta darubini yake kubwa ya shaba chini ya sanduku la kanga, na swali lile likanirudia.

Siku aliyoniuliza tulikuwa bado wageni Maskati, tumetoka Unguja na masanduku mawili, na mtaani wakituita Wazinjibari, kama kwamba babu zetu hawakuzaliwa hapa. Kwa hiyo ami, kaka yake baba aliyerudi Oman zamani na kusifika kwa shabaha, alipomwalika baba wakawinde mbuzi mwitu milimani, nyumba nzima ilichangamka. Mama alichoma mikate ya ufuta ya safari, moshi wa kuni ukajaa uani. Baba akirudi na mbuzi, nani tena angetuita wageni?

Darubini ziliwekwa mkekani. Kubwa, ya marehemu babu, ilivuta mbali sana, lakini ilikuwa nzito, na sharti uiegemeze juu ya jiwe na utulie. Ndogo, ya macho mawili, ilining'inia shingoni tu.

"Chukua ndogo," ami alisema. "Uwe ubavuni mwangu kila hatua, unambie unachokiona."

"Na hii?"

"Hiyo ya kutafutia meli, bwana. Kule hakuna meli!"

Bibi akaangua kicheko. "Huyo mbuzi mnakwenda kumpiga au kumposa, mbona mwataka kumtazama hivyo?"

Baba hakucheka. Ami alipotoka, alimwambia mama, "Ananitaka niwe mpagazi wake. Nna macho yangu, mie." Ndipo aliponiuliza mimi, na kabla sijafumbua mdomo akabeba kubwa.

Walirudi mikono mitupu. Baba alibaki chini ya mlima, darubini juu ya jiwe, akawaona mbuzi waziwazi. Ami alipanda peke yake, akawakaribia upande unakotoka upepo, wakamnusa, wakatoroka. Magoti yake yalichubuka, kanzu yake ya dishdasha imechanika. Hakueleza kitu, wala hakumwalika baba tena. Baba naye akaacha kwenda kwake hata kunywa kahawa ya Idi.

Chuoni niliwachosha walimu kwa maswali, lakini hili sikulihoji kamwe: ami alituona si wenzake. Baba amekufa akiamini hivyo.

Wote wawili walipokwisha kuzikwa, mke wa ami aliniambia, huku akisuuza vikombe vya kahawa, kwamba wakati ule macho ya mumewe yalikuwa yameliwa na maradhi, hatofautishi jiwe na mbuzi, na mtu wa pekee aliyemtaka amwonee njia, bila ya watu kujua, alikuwa baba.