Barakoa za Wageni

Harufu ya dawa ya waridi haifanani hata kidogo na harufu ya waridi. Ni kama kitunguu saumu kilichooza kikamwagiwa mafuta ya taa, na ilikuwa ikiingia chumbani mwetu kila jioni kabla baba hajainama kupita mlangoni. Mama alimwomba aliache koti lake nje, kwenye msumari uliopigiliwa kando ya mlango, lakini harufu haikuwa kwenye koti tu. Ilikuwa kwenye nywele zake, kwenye mkate aliotuletea kwapani, hata kwenye daftari langu alipolishika kukagua hesabu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: niliipenda harufu hiyo. Nilisogea karibu na baba makusudi nikaivuta. Kwangu ilikuwa harufu ya mzazi mwenye kazi.

Ili mtu aelewe jinsi mtoto anavyoweza kupenda sumu, ni lazima ajue miaka sita iliyotangulia. Baba yangu, Musyoka, alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba huko kwetu Ukambani. Mwandiko wake ulisifika. Watu walitoka mbali kuja kuandikiwa barua za posa na malalamiko ya mipaka ya mashamba. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani akasema kitafunguliwa baada ya mavuno. Hakikufunguliwa. Mwaka wa kwanza watu walimpa pole. Wa pili wakampa ushauri. Kuanzia wa tatu wakaanza kumpa methali. Alipokwenda mjini kutafuta kazi walisema mtembezi hula miguu yake. Alipobaki nyumbani wakasema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Kanisani mhubiri alisoma kwamba asiyefanya kazi na asile, akatazama upande wa benchi letu. Mpaka leo sijui ni nani aliyewafundisha watu kwamba kukosa kazi ni tabia, kama wizi. Baba aliamka alfajiri kila siku, akanyoa ndevu, akalima shamba la mawe ambalo mvua ilikuwa imelisahau, na mchana akaandika maombi ya kazi ambayo hayakujibiwa. Kama huo ni uvivu, basi bidii siijui.

Lakini aibu huambukiza, na mimi iliniambukiza. Mwalimu mpya wa darasa letu alituuliza mmoja mmoja wazazi wetu wanafanya kazi gani. Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba baba yangu alikufa. Mwalimu alikuwa mtu mwema. Jumamosi iliyofuata alimkuta mama sokoni, akamshika mkono akampa pole za kufiwa, na baba alikuwa amesimama pale pale kando yake, amebeba kikapu cha maharagwe. Hakunichapa. Hakuniuliza kitu. Jioni nilimsikia akimwambia mama kwamba binamu yake anayeishi Kitengela ametuma habari: shamba moja la maua linatafuta karani wa stoo. Mama akauliza kama angetangulia peke yake kwanza, aone hali. Baba akasema tutaenda sote, maana hataki kuendelea kuishi mahali ambapo mtoto wake amekwisha kumzika. Nililia kimya chini ya blanketi. Wiki mbili baadaye tukahama.

Kitengela ilitupokea kwa upepo. Ulitoka nyikani bila kizuizi, ukabeba vumbi la saruji kutoka upande wa Athi River, ukatikisa mabati ya chumba chetu kama mtu anayedai kufunguliwa. Mvua iliponyesha, ule udongo mweusi ulishika viatu vyetu mpaka tukatembea navyo mkononi. Chumba kilikuwa katika uwanja wa Mama Nashipae, mjane wa Kimaasai aliyefuga mbuzi na kupangisha vyumba vinne. Siku ya kwanza alisubiri niinamishe kichwa, akanigusa utosini, akasema, "Takwenya." Sikujua kwamba nilipaswa kuitikia "Iko". Nilisema asante, naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa shuka. Nilimpenda tangu saa ile.

Asubuhi iliyofuata baba alivaa shati jeupe akaenda kazini. Kumbe nafasi ya ukarani ilikuwa imekwisha kupewa mpwa wa msimamizi. Walimwambia kwamba iliyobaki ni ya kupuliza dawa: unabeba bomba mgongoni, unapita kati ya mistari ya waridi ndani ya zile nyumba ndefu za plastiki, unanyunyiza. Aliikubali pale pale, na alipotusimulia alitabasamu kama mtu aliyeshinda. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini baba hakuwa tena na ngama ya kurejea.

Ndani ya nyumba za plastiki joto lilikuwa la tanuri, na dawa ikishapulizwa haikuwa na pa kutokea. Wapulizaji hawakupewa barakoa wala glavu. Baba alijifunga usoni kipande cha leso ya mama, na kila jioni mama alikifua katika karai la peke yake. Wanawake waliokata maua waliingia majani yakiwa bado yanachuruzika, kwa sababu waridi zilikuwa na ndege ya kuwahi. Mwezi wa pili macho ya baba yakawa mekundu. Mwezi wa nne mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka, na yule mtu aliyekuwa akiandika herufi zilizosimama wima kama askari akaweka sahihi kwenye ripoti yangu ya shule ikaonekana kama njia ya siafu. Mama Nashipae, ambaye mbuzi wake walilishwa karibu na mfereji uliotoka shambani, alimsimamisha mlangoni siku moja.

"Baba Mwende," alisema, "hiyo maji inatoka kwa maua, mbuzi yangu imekataa kukunywa. Mbuzi. Na wewe unaoga hiyo kitu kila siku."

Baba alimjibu kwa heshima kwamba mwili huzoea. Mama yangu aligeuka akaenda kupepeta mchele ambao alikuwa amekwisha kuupepeta.

Kisha wageni wakaja. Walikuwa wanunuzi wa maua kutoka ng'ambo, na msimamizi aliagiza watoto wa wafanyakazi wafike waimbe na kuwapa wageni mashada. Mimi nilichaguliwa. Nilipofika nilimwona baba amesimama mstarini na wenzake, na kwa muda sikumtambua: ovaroli nyeupe mpya, gambuti, glavu, na barakoa kubwa yenye vichujio viwili. Nilijaa fahari mpaka nikasahau maneno ya wimbo. Wageni walipiga picha. Mmoja wao alimgonga baba begani na kuinua kidole gumba. Magari yao hayajafika hata barabara ya Namanga, vijana wa stoo wakapita na magunia kukusanya vifaa vyote. Wafanyakazi walivua. Baba hakuvua.

"Hii nitaihitaji kesho," alisema. "Kesho napuliza nyumba ya nne."

"Musyoka, hizo si zenu," msimamizi alimjibu, tena bila ukali, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto. "Hizo ni za wageni."

"Kwani wageni ndio wanapuliza dawa?"

"Kuna watu wengi sana hapo kwa geti wanataka hiyo kazi yako. Nikuitie mmoja?"

Baba aligeuza kichwa akaniona nimesimama pale na shada ambalo hakuna aliyelichukua. Sijui alifikiria nini. Najua tu kwamba alivua barakoa, akaipangusa kwa mkono wa ovaroli, akaiweka ndani ya gunia taratibu kama kitu kinachovunjika. Asubuhi akafunga leso usoni akaenda kupuliza nyumba ya nne. Wale wanaopenda kusema mvumilivu hula mbivu ningetamani wangekuwepo, watuambie ni ipi hiyo mbivu na iliiva wapi.

Wiki ya tatu baada ya hapo alianguka kati ya mistari, povu likimtoka mdomoni. Wanawake wa kukata maua ndio waliomburura nje. Gari la shamba lilikuwa na kazi nyingine, kwa hiyo Mama Nashipae alimwamuru mwanawe amwage nyasi za ng'ombe kutoka kwenye pikapu yake, nasi tukampeleka baba hospitalini Kajiado, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama. Daktari aliuliza jambo moja tu: ni dawa gani? Binamu wa baba, aliyekuja nasi, alirudi mbio shambani kuuliza. Msimamizi alimjibu kwamba majina ya dawa ni siri ya kampuni. Daktari akatibu kwa kukisia. Alikisia vizuri, Mungu amlipe, baba akaishi. Lakini jicho la kushoto halikurudi, na mkono haukuacha kutetemeka.

Siku ya tano baada ya baba kurudi nyumbani, akiwa bado amelala, msimamizi alikuja na barua. Ilisema kwamba Musyoka ameacha kazi kwa hiari yake mwenyewe, na chini palikuwa na nafasi ya sahihi. Baba aliisoma akiisogeza karibu na jicho zima. Akaomba kalamu, akamwambia mama ashike karatasi isicheze. Akayakata maneno "kwa hiari yake mwenyewe" kwa mstari mmoja, na juu yake akaanza kuandika: kwa sababu ya dawa niliyopuliza bila barakoa. Chai ilichemka, ikafurika, ikazima moto wa jiko, na bado alikuwa akiandika. Hakuna aliyemharakisha.

"Hii haisaidii mtu, Musyoka," msimamizi alisema alipoichukua.

"Sikuiandika isaidie," baba akasema. "Nimeiandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

Hatukusikia tena kutoka shambani. Nina hakika karatasi ile haikuona jua la siku iliyofuata. Mama alianza kuuza uji stendi, Mama Nashipae akatupa maziwa bila kuulizwa, nasi tukabaki Kitengela.

Leo mimi ni muuguzi katika zahanati moja ya hapa hapa. Shamba lile halipo. Pamejengwa maghorofa ya kupangisha, na mashamba mengine ya maua yamefunguliwa mbali kidogo, kuelekea Isinya. Naambiwa mambo yamebadilika, kuna sheria, kuna mabango yenye picha za barakoa. Huenda ni kweli. Lakini mwezi uliopita alikuja msichana mwenye cheti cha chuo, macho mekundu, vidole vikitetemeka, na nilipouliza kazi yake aliifunika fomu yangu kwa mkono. "Usiandike hapo, sista," alisema. "Watasema sitaki kazi."

Baba alirudi Ukambani alipozeeka. Desemba nilimtembelea, na nikathubutu kumuuliza kama anajuta kuhamia Kitengela. "Ile miezi ilikuwa mizuri, Mwende," akasema. "Asubuhi nilikuwa na mahali pa kwenda."

Nilitoka uani nikasimama nisubiri hasira ishuke. Haikushuka, na siku hizi sitaki ishuke. Waliomnyima barakoa ningeweza kuwatambua hata leo nikikutana nao sokoni. Ila wapo pia waliomwacha mtu hodari akae miaka sita bila kazi na juu ya hayo wakamcheka, hata ilipokuja sumu akaishukuru. Na hao, nikitazama ukoo wangu, kanisa langu na nchi yangu, sijui nianze kumshika nani.