Mama Mwiko alipofika madhabahuni

Asubuhi bado ina baridi, na Mama Mwiko yuko tayari juu ya jukwaa la mirunda, bega limeegemea ukuta wa tofali, mkono wa kulia unarusha lipu kwa pigo fupi la kiwiko. Pa! Imeshika. Pa! Imeshika tena. Chini yake vibarua wawili wanakoroga saruji na kubishana habari za mpira.

"Ukiirusha kwa hasira inaanguka," anasema bila kugeuka. "Ukiirusha kwa woga, haishiki. Irushe kama unamtupia mtu ufunguo."

Jina alipewa na mafundi wenzake, na kila anayelisikia hutabasamu kidogo. Mwiko ni chombo cha mwashi. Mwiko pia ni jambo lililokatazwa. "Na wa tatu uko jikoni," anaongeza mwenyewe, "ila huo mume wangu anaujua kuliko mimi."

Mume huyo ni kinyozi. Mtaani wanamwita hivyo hivyo, Kinyozi, na kweli ndiye anayepika siku mkewe akirudi na vumbi la saruji hadi kwenye kope.

Mama Mwiko aliingia kwenye ujenzi akiwa mbeba maji. Binti yao wa kwanza alikuwa anatambaa, na Kinyozi hakuwa na hata kiti cha kukalishia wateja. Alikuwa anaazima cha jirani. Wakati wa mapumziko ya mchana, fundi mkuu, mzee mkali wa maneno machache, alimkuta ameshika mwiko wa mtu anaziba ufa.

"Nilijua nimefukuzwa," ananisimulia. "Akautazama ufa. Akanitazama mimi. Akasema, 'Kesho maji atabeba mwingine.' Basi. Hakuniambia zaidi ya hapo."

Kwa miaka mingi alilipwa nusu ya ujira wa mwanamume waliyesimama naye kwenye ukuta mmoja. Siku hizi analipwa sawa, isipokuwa kwa wateja wanaomjaribu. "Hao nawaambia sawa, na lipu nayo nitapaka nusu. Huwa tunaelewana haraka."

Lakini jambo lililomfanya ajulikane mtaani halikumkuta kwenye kazi ya kulipwa. Lilimkuta kanisani kwake.

Kanisa hilo alibatiziwa humo, akafungia ndoa humo. Waumini walipoamua kulitia sakafu ya vigae, yeye alijitolea kazi yake kama sadaka. Alianzia mlangoni. Kila siku akitoka kwa mteja alipita kanisani, akapiga magoti, akasogea mbele safu kwa safu, hadi akafika kwenye ngazi ya madhabahu. Akaweka mguu juu.

"Mama, hapo pametosha," ikasema sauti nyuma yake. Alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa.

"Pametosha vipi, Mzee? Sakafu haijaisha."

"Madhabahuni mwanamke hapandi. Maandiko yako wazi. Tutatafuta fundi mwanamume amalizie."

"Mimi sipandi kuhubiri. Napanda kuweka vigae."

"Hata hivyo. Kuna mambo ya kike, unayaelewa mwenyewe. Mambo ya usafi."

"Mzee wangu, hayo yaliniacha siku nyingi. Hata kwaheri hayakuniambia."

Vibarua waliokuwa wakimsaidia waliangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. "Kikao kimeshaamua, mama," alisema kwa upole. "Na mumeo, mzee mwenzetu, alikuwepo."

Mama Mwiko anasema maneno ya mwanzo yote aliyabeba. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyomvunja. Alisuuza mwiko wake, akautia kwenye gunia, akaondoka.

Kinyozi hunyolea wateja kwenye chumba cha mbele cha nyumba wanayopanga. Mkewe alipoingia, alikuwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukasemaje?"

"Sikusema kitu."

Leo Kinyozi anaweza kulichekea tukio hilo. "Yule mteja alitamani ardhi ipasuke immeze na nusu kichwa chake. Lakini siku ile hakuna aliyecheka ndani ya nyumba hii. Wala kesho yake."

Jumapili zilizofuata Kinyozi alikwenda kanisani peke yake. Mkewe alibaki akifua. Majirani wakiuliza, alisema mgongo unamuuma, na hakuwa anadanganya sana, maana mgongo wa mwashi hauachi kuuma.

Binti yao huyo wa kwanza, ambaye sasa ni muuguzi, alipopata habari alikuja mbio. Yeye kanisa alishaliacha. Alipopata mimba akiwa msichana, alisimamishwa mbele ya waumini kutubu. Kijana aliyempa mimba hiyo aliendelea kuimba besi kwenye kwaya, Jumapili hiyo hiyo, hatua chache kutoka pale aliposimama.

"Mama, tatizo si wale wazee," alimwambia. "Ni kitabu chenyewe. Kinatuchukia wanawake. Kinamchukia kila asiyefanana nao."

"Nilitaka kumbishia," Mama Mwiko anasema. "Lakini kwa lipi? Maisha yangu yote nimekaa kwenye benchi nasomewa vipande walivyovichagua wao. Kitabu chenyewe sikijui. Nitakitetea vipi? Na nitakikataa vipi?"

Aliamua kukisoma. Ila vumbi la saruji limemla macho, na herufi za Biblia yao ni ndogo kama mbegu za mchicha. Jioni ya kwanza alihangaika na ukurasa mmoja hadi machozi yakamtoka. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kunyolea begani.

"Nikusomee?" aliuliza. Tangu ile siku ya ugomvi, lilikuwa swali lake la kwanza ambalo halikuhusu chakula.

Mkewe akamsogezea Biblia. "Soma. Lakini usiruke."

Wakaanza mwanzo kabisa. Kila jioni, Kinyozi akishafunga kazi, walikaa jikoni. Yeye akisoma, mkewe akichambua mboga au akijikanda magoti kwa mafuta. Walibishana juu ya Hawa na tunda. Walimcheka Sara aliyecheka mlangoni mwa hema. Walipofika kwa wale mabinti watano wa Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa na wakuu wote wakadai urithi wa baba yao, na Mungu mwenyewe akasema wamesema haki, Mama Mwiko aliweka kisu chini.

"Rudia hapo."

Kinyozi akarudia.

"Mbona hili sijawahi kulisikia likihubiriwa?"

"Hata mimi," akajibu mzee wa kanisa.

Kisha wakafika kwenye kitabu cha Waamuzi, kwenye habari ya suria wa yule Mlawi: mwanamke aliyetolewa nje ya mlango akaachiwa genge la wanaume ili waliomo ndani wapone, na alfajiri akakutwa ameanguka kizingitini, mikono yake juu ya kizingiti. Kinyozi aliacha kusoma.

"Tupite hapa, mke wangu."

"Tulikubaliana huruki. Maliza. Huyo naye alikuwa mtoto wa mtu."

Alimaliza. Jioni ile hawakula.

"Hana hata jina," Mama Mwiko anasema, na sauti yake inashuka. "Mji umetajwa. Punda wametajwa. Yeye jina hana. Nilimpigia simu binti yangu, nikamwambia, mwanangu, kuna mahali umesema kweli."

Binti anakumbuka simu hiyo. "Ningepaswa kufurahi, si ndiyo? Nimeshinda. Nikajikuta nalia naye."

Kwa siku kadhaa Biblia ilikaa kabatini. Aliyeitoa tena ni Mama Mwiko mwenyewe. Alikuwa amelifikiria jambo hilo juu ya jukwaa, anasema, mikono ikifanya kazi yake. "Nilijiuliza, aliyeandika angetaka kulificha, si angelificha? Ameliacha pale uchi, ili watu waone aibu. Sisi ndio tunaolificha, kwa kutolisoma."

Wakaendelea. Na walipofika kwa Nehemia, kwenye ile orodha ndefu ya watu waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu, fulani mwana wa fulani na fulani mwana wa fulani, Mama Mwiko alikuwa anasinzia. Kinyozi anakiri kwamba hata yeye alikuwa anasoma tu ili amalize.

"...Shalumu, yeye na binti zake..."

Macho yakafunguka. "Binti zake wamefanya nini?"

"Wamejenga."

"Wamejenga nini?"

"Ukuta, mke wangu. Wa Yerusalemu."

"Nilidhani atacheka," Kinyozi anasema. "Akaivuta Biblia kwake. Halafu akaniambia, 'Kumbe tupo.'"

Kwenye kikao kilichofuata cha wazee wa kanisa, Kinyozi aliomba nafasi. Yeye si msemaji. Anasema kazi yake ni kusikiliza ya wengine huku akinyoa. Alisoma mstari ule wa Nehemia. Mwenyekiti alimjibu papo hapo, bila ukali.

"Ndugu yangu, hao walijenga ukuta wa mji. Madhabahu ni kitu kingine."

Kinyozi alifunga Biblia, akataka kukaa, kisha akabadili mawazo. "Nikawaambia, sawa. Kama mikono ya mke wangu inanajisi madhabahu, basi na mimi nimenajisika, maana nusu ya chakula changu kinatoka kwenye mikono hiyo. Na vichwa vyenu vyote mliomo humu ninavishika mimi. Tafuteni fundi mwingine, na mtafute na kinyozi mwingine."

Mchungaji ndiye aliyecheka wa kwanza. Kisha akawa makini, akauliza ni nani anayeweza kumwonyesha mahali mwanamke alipokatazwa kuweka kigae. Ikaletwa mistari ya wanawake kunyamaza, ya kichwa na kutii, ya unajisi. Wakabishana alasiri nzima. Walipopiga kura, waliotaka Mama Mwiko arudi walizidi kidogo tu. Familia mbili zilihamia kanisa jingine.

Mchungaji alikwenda mwenyewe kumwita. Mama Mwiko aliitikia, kwa sharti moja: hataki maombi maalumu ya kumtakasa kabla ya kazi. "Nilimwambia nitaoga kama kawaida."

Siku ya kazi, binti yake alitokea kanisani kitambaa kichwani, ndoo mkononi. Miaka mingi hakuwa amekanyaga mle. "Sikuja kusali," anasisitiza. "Nilikuja kumbebea mama maji." Alipopita kwenye viti vya kwaya hakugeuza shingo.

Mwenyekiti naye alikuja. Watu hupenda kumsema mzee huyo, lakini Mama Mwiko hawapi nafasi. Binti huyo alipokuwa mdogo, homa ilimshika vibaya na nyumbani hamkuwa na nauli. Ni Mwenyekiti aliyempakia kwenye baiskeli yake akampeleka hospitali, mvua ikimnyeshea.

Alisimama karibu na ngazi, kofia mkononi. "Sijabadili mawazo, mama."

"Najua, Mzee. Ila usikanyage hapo, pabichi."

Mwenyekiti akarudi nyuma, akavua viatu, akakaa kwenye benchi la mbele hadi kigae cha mwisho kikawekwa. Jumapili iliyofuata alipanda kusoma somo. Wanaosema alikanyaga kwa tahadhari, kama mtu anayeogopa kuteleza, huenda wanamwonea.

Mpaka leo hakuna mwanamke aliyehubiri katika kanisa hilo. Mama Mwiko hasemi ameshinda. Ukimuuliza kama Biblia inafundisha watu kuwadharau wanawake, kazi haisimami. Anachota lipu, anairusha, anailainisha.

"Yamo," anasema hatimaye. "Nisidanganye. Yamo ya kutukandamiza, na yamo ya kutuinua, humo humo. Mtu akikujia na lile la kwanza mkononi, muulize hili la pili kaliacha wapi. Na hata mtu asiyekula nawe wala kusali nawe, akianguka kizingitini pako, ufungue mlango. Hilo ndilo nililojifunza kwa yule mama asiye na jina."

Binti yake hakubaliani. "Mama ana moyo mpana. Mimi hasira yangu bado ninayo."

"Mwacheni," mama anajibu. "Hasira yake ina sababu. Nikimlazimisha kuja kanisani, nitakuwa na tofauti gani na waliomsimamisha?"

Usomaji wa jioni haujakoma. Sasa wako kwenye nyaraka za Paulo, na Kinyozi anasema hizo huzisoma akiwa amekaa karibu na mlango, tayari kwa lolote.

Wamepata kiwanja, kidogo, chenye mteremko mbaya. Baada ya kujengea watu nyumba miaka yote hiyo, Mama Mwiko anataka kujenga ya kwake kabla magoti hayajamgomea. Kinyozi anataka chumba cha mbele chenye dirisha kubwa. Wamekwisha kubishana juu ya dirisha hilo mara nyingi, na mkewe amekubali, ila analiita dirisha la umbeya.

Ninawauliza, kwa utani, nani atakuwa kichwa cha nyumba hiyo.

"Mume," anasema Kinyozi, akijipiga kifua. "Imeandikwa."

Mama Mwiko anafuta vumbi usoni kwa nyuma ya kiganja, anamtazama mumewe kuanzia kichwani hadi miguuni kama anayekadiria mzigo.

"Haya, wewe kuwa kichwa," anasema. "Lakini msingi naweka mimi, na tunaanza Jumamosi. Uje na sepeto."