Kijiko Kilichokamatwa Magotini

Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka thelathini na kidogo, na kila mwaka niliwafundisha watoto maneno yenye maana zaidi ya moja. Kaa la moto na kaa wa baharini, ambaye hakuna hata mmoja wetu bondeni aliyewahi kumwona. Paa la nyumba na paa wa porini. Nikaandika ubaoni, wakacheka, wakanakili. Kijiko sikukiweka kwenye orodha hata mara moja. Ningekiweka, huenda leo nisingekuwa na hasira niliyo nayo.

Kijiko ni kile cha kukorogea chai. Kijiko pia ni ule mtambo wa njano wenye mkono mrefu, unaochimba mitaro na kupakia vifusi kwenye malori. Kila mtu anajua hivyo, na hakuna anayechanganya, maana hakuna anayekoroga chai kwa mtambo. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka juzi juzi.

Mimi navua kwa kijiko. Cha chai.

Fimbo yangu niliinunua mnadani, kwenye rundo la mitumba, imelala kati ya magongo ya kutembelea na raketi zilizokatika nyuzi. Muuzaji aliniapia kuwa ni antena ya redio. Ni nyembamba, nyepesi, na ina kigurudumu kidogo cha kuzungushia mshipi. Nyumbani kwetu Viwanja Sitini nikachukua kijiko kimoja kati ya vile sita vya wageni, nikakata mpini kwa msumeno wa chuma, nikatoboa tundu mbele na nyuma, nikafunga ndoana upande mmoja na mshipi upande wa pili. Ukikirusha majini ukakivuta taratibu, kinayumba na kumetameta, na samaki mkali anadhani ni kisamaki kilichoumia. Huhitaji mnyoo, wala huondoki na harufu mikononi.

Mume wangu ni mstaafu wa reli, na mtu wa reli huhesabu kila kitu. Aligundua siku ile ile. "Mama watoto, cha sita kiko wapi?" Nilimwonyesha. Akakigeuzageuza, akasema basi kuanzia leo wageni wasizidi watano. Padri alipokuja na wenzake siku moja, wakawa sita, yeye akakoroga chai kwa uma na akatubariki hivyo hivyo.

Ninapovulia tunapaita Magotini. Mafuriko yakishapungua, mto Kilombero ukirudi kwenye mkondo wake, unaacha nyuma uwanja mpana wa maji, chini mchanga na nyasi, ambao unaweza kutembea ndani yake asubuhi nzima maji yakiishia magotini. Ndiyo sababu ya jina. Samaki wadogo wanajificha kwenye nyasi, na wale wa meno, wenye mistari ubavuni, wanakuja kuwawinda. Natembea polepole, bakora mkono mmoja, fimbo mkono mwingine, siweki mguu mahali nisipoona chini, maana mamba naye ana njia zake. Nikiona maji yamekunjamana, nasimama, narusha mbele yake kidogo, navuta. Akishika, fimbo inapinda mpaka moyo unaruka. Nina umri wa kuwa bibi na moyo wangu bado unaruka.

Watu walisema, bila shaka. Wanawake hapa huvua kwa vikapu, wakiwa wengi, wanasogea mstari mmoja wakiimba. Mwanamke mwenye fimbo peke yake, tena mwalimu! "Mwalimu anacheza," walisema. Lakini nilikuwa nikirudi na kitoweo, na majirani walikula, na yule jirani aliyesema kwa sauti kuliko wote alikula vichwa. Kwa hiyo wakaniacha.

Mwaka huu, mara tu maji yalipoanza kupungua, nilifika Magotini nikakuta kijiko. Sasa nazungumzia kile cha njano. Kilikuwa kinachimba mfereji mrefu kutoka kwenye maji yetu kuelekea mtoni, kikichota tope na kulimwaga pembeni, na maji yalikuwa yakitoka kwa kasi kama choo kilichovutwa. Wanawake wa vikapu walikuwa wamesimama ukingoni, vikapu vichwani, hawaimbi. Niliuliza ni nini hiki. Mmoja akaniambia mwenye shamba kubwa la jirani anataka pakauke apande mpunga. Nikauliza amepewa ruhusa na nani. Akanitazama kama ninayeuliza mvua imepewa ruhusa na nani.

Magotini si mali ya mtu. Mama yangu, aliyetoka upande wa Mahenge akaolewa huku, alivua pale kwa kikapu mimi nikiwa mgongoni. Pakikauka, wale wanawake hawana pengine pa kusimama, kwa sababu kwenye kina kirefu kikapu hakivui kitu isipokuwa mwenye kikapu. Na samaki wadogo wakikosa nyasi za kujificha, hata mtoni hakutakuwa na wakubwa wa kuvua miaka ijayo. Hayo hayahitaji shahada.

Nikarudi nyumbani nikaandika barua kwenye ofisi inayohusika na mambo ya bonde. Nimewafundisha watu wengi kuandika barua, nikajipa masharti yale yale: kwa ufupi, bila kupamba. "Kuna kijiko kinafanya uharibifu Magotini. Naomba kikamatwe na kuondolewa mara moja." Nikaisoma mara mbili, nikaridhika. Ndiyo, niliridhika! Nikaipeleka mwenyewe, ikagongwa muhuri.

Wiki ya pili wakaja. Ilikuwa Jumapili, baada ya misa, mtambo ulikuwa umehamishiwa ndani ya shamba na umefunikwa turubai. Mimi nilikuwa majini, mbali kidogo na mfereji, nikitafuta ile sehemu iliyokuwa bado na kina. Maafisa wawili wakateremka kwenye gari, wakavua viatu, wakanijia wakiwa wamekunja suruali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni. Mmechelewa, lakini karibuni."

"Asante mama. Hapa unafanya nini?"

"Navua."

"Unavua kwa zana gani?"

"Kwa kijiko," nikasema, nikakiinua wakione.

Walitazamana. Yule mrefu akatoa karatasi mfukoni, akaisoma, akaikunja tena. "Kwenye orodha ya zana zinazoruhusiwa hakuna kijiko," akasema.

"Hakuna, kwa sababu ni ndoana. Ndoana ipo kwenye orodha. Mtambo uko kule chini ya turubai, nendeni mkauone. Ule ndio kijiko nilichoandika."

"Mama, sisi tumeagizwa kijiko, na kijiko tumekuta kwako. Ya kule shambani ni ya mwenye shamba, yana taratibu zake."

Niliongea. Niliongea kama ninavyoongea na darasa lililokataa kufanya kazi ya nyumbani. Walinisikiliza kwa adabu kabisa, wakaniita mama kila sentensi, kisha wakakata mshipi kwa kisu na kuchukua kijiko changu. Wakaandika karatasi, wakanipa nakala. Heshima ile iliniuma kuliko matusi. Ningetukanwa, ningejua pa kushika.

Jumatatu mtambo ukarudi kuchimba.

Nilisubiri siku kumi, nikaenda ofisini kuuliza barua yangu imefikia wapi. Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinisalimia vizuri, akatafuta jalada, akalifungua. Akasoma kwa kidole. Kisha akatabasamu, akafurahi kwa ajili yangu.

"Mwalimu, hili lako lilishafanyiwa kazi. Limefungwa. Kijiko kilikamatwa Magotini na kimeondolewa."

"Kijiko gani?"

"Kijiko," akasema. "Kimoja." Akavuta droo, akatoa bahasha ya kaki, akaimimina mezani. Kijiko changu cha sita kikaanguka na ndoana yake, kikiwa na kutu kidogo kwenye tundu.

Nilikaa kwenye benchi. Sijui mpaka leo kama walikosea kweli au walijifanya. Nimelifikiria sana. Kama walikosea, basi watu wawili wazima waliagizwa kukamata kitu kinachochimba mfereji, wakarudi na kitu kinachoenea kwenye bahasha, na ofisi nzima haikuona ajabu. Kama walijifanya, basi Kiswahili changu ndicho kilichowapa mlango. Yote mawili yananichoma, na la pili linanichoma zaidi.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alipoelewa alishika mdomo. "Ungeandika mtambo, mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. "Mtambo wa kuchimbia." Kisha, akitaka kunisaidia, akanisogezea fomu. Nikitia sahihi, nitarudishiwa kijiko changu leo leo. Nikaisoma. Ilisema mimi ndiye mmiliki wa kijiko kilichokamatwa kwa uharibifu Magotini, na kwamba naahidi kutokirudisha tena bondeni.

Nikaisoma mara ya pili, kama nilivyofundisha. Nikitia sahihi pale, mfereji ni wangu. Atakayefungua jalada lile baada yetu atakuta kuwa aliyekausha Magotini ni mwalimu mstaafu wa Viwanja Sitini, na kwamba alikiri.

"Kibaki hapo," nikamwambia. "Kirudishe kwenye bahasha. Siku mtakayokwenda kuchukua chenzake, mtakuwa na cha kufananishia."

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Hakucheka, na mtu huyu hucheka hata misibani. Aliingia ndani, nikasikia kabati likifunguliwa, akarudi na kijiko kingine na msumeno. "Wageni wawe wanne," akasema. Akakishikilia kwenye ukingo wa meza, mimi nikakata.

Usiku ule ule niliandika barua ya pili. Niliandika mtambo. Niliandika wa njano, wa magurudumu ya minyororo, wenye mkono, unaoendeshwa na dereva, unaotumia dizeli. Nikachora. Nikaandika pia kwamba haufai kukorogea chai, nikafuta, nikaandika tena, nikaacha. Wanawake saba wa vikapu wakaweka dole gumba chini ya jina langu, nami nikatia sahihi niliyoikataa kule.

Asubuhi ya kuipeleka nilipitia Magotini kwanza, na fimbo yangu na kijiko kipya. Mtambo ulikuwa kazini. Nikaingia majini pale pale ninapoingia kila mwaka, nikatembea mpaka katikati, mahali ambapo mama yangu alikuwa akisimama na kukunja kanga. Maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu.